Mti Namba Saba

"Basi nionyeshe mlango wa huo mti," mama alisema, "niingie nibandike chai, maana tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni kwa ajili yako."

"Mama, nimeshakwambia mara tatu. Hiyo ni alama tu."

"Alama ya nini?"

"Ya mti."

"Haya. Na mimi nauliza mara ya nne, mlango wake uko wapi?"

Walikuwa wamesimama bega kwa bega nje ya nyumba, nyuso zimeelekea ukutani kama wanafunzi waliochelewa shule. Mbele yao kulikuwa na tangazo la ofisi ya mipango miji, karatasi pana kama shuka la mtoto, limebandikwa kwa gundi ya unga kati ya mlango na dirisha. Juu kulikuwa na maneno. Chini kulikuwa na ramani ya mtaa mzima kama utakavyokuwa baada ya kuvunjwa na kujengwa upya. Kidole cha mama, chenye vitundu vya sindano ya miaka arobaini, kilikuwa kimeganda juu ya duara la kijani. Ndani ya duara kulikuwa na namba 7. Pembeni yake palichorwa kibenchi.

"Hapa ndipo kitanda changu kilipo," mama alisema. "Hicho kibenchi naona ndicho kabati la vyombo."

Binti alikitazama kile kidole. Duara lile alilichora yeye.

Mtaani mama aliitwa Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata akienda msibani. Binti yake alijulikana mji mzima kwa jina la Mama Vibali. Alikuwa na stashahada ya uchoraji ramani, watoto wawili wakubwa, na miaka ishirini na miwili katika ofisi ya msanifu majengo. Mtu yeyote aliyetaka kuongeza chumba, kuhamisha ukuta au kupandisha ghorofa aliambiwa, "Nenda kwa Mama Vibali, yule hata kaburi atalitafutia kibali cha dirisha." Majirani wote wa mama yake alikuwa amewapatia vibali, mmoja baada ya mwingine. Hata Mzee Kuku, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipatiwa kibali cha banda la kuku, lenye mchoro, vipimo na muhuri.

Nyumba aliyozaliwa yeye haikuwa na kibali. Marehemu baba yake aliijenga kwa ahadi kwamba kibali angekishughulikia kesho, na hiyo kesho ikarithiwa na binti pamoja na saa ya ukutani. Kinyozi hajinyoi, watu husema. Lakini kinyozi angalau hupita mbele ya kioo.

"Mzee Kuku alikuja jana kutafuta namba yake," Bi Futi aliendelea. "Kavaa na miwani. Akajikuta namba arobaini, akafurahi. Akatazama tena, akakuta banda lake ni namba arobaini na moja. Akaniuliza, 'Na wewe jirani, uko wapi?' Nikamwambia niko hapa, nimesimama mbele yako. Akasema, 'Kwenye karatasi.' Tukatafuta mpaka jua likazama."

"Mama, kila jengo lenye namba litapewa nyumba kwenye ghorofa jipya," Mama Vibali alisema, na papo hapo akatamani angenyamaza.

"Kwa hiyo kuku watapata vyumba viwili na sebule."

"Mzee Kuku atapata nyumba mbili. Kwa utaratibu."

"Na mti unapata nini?"

Jedwali la majengo alilichapa Mama Vibali mwenyewe, na jedwali la miti alilichapa yeye pia. "Maji," alisema.

"Maji tu?"

"Mara mbili kwa wiki."

"Hapo umeniinua, mwanangu," Bi Futi alisema. "Bomba la hapa hutoa mara moja."

Kosa lenyewe halikuwa na makuu. Ofisi ya mipango miji ilikuwa na ramani ya zamani ya mtaa, na ramani hiyo ilionyesha majengo yenye vibali peke yake. Lisilo na kibali liliachwa kuwa pengo jeupe. Sasa kamati ya mipango miji haipendi pengo. Pengo huzaa maswali: hapa ni nini, ni pa nani, mbona pako wazi? Kwa hiyo kwenye ofisi ya Mama Vibali walikuwa na desturi yao, ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliifuata: ukikuta pengo, panda mti. Mti hauulizwi chochote. Kamati huutazama, hutikisa kichwa kukubali kwa upole, na hufungua ukurasa unaofuata.

Siku ile Mama Vibali alipanda miti kumi na mmoja kwa robo saa, akiwa na njaa ya mchana. Mtaa wenyewe hakwenda kuukagua. Angeukagua wa nini, na yeye aliota meno humo? Kwenye fomu ya kiapo, pale palipoandikwa "Nimefika eneo la mradi na kuhakiki majengo yote yaliyopo," alitia sahihi bila kuona haya, maana kweli alifika kila Jumapili, akala, akalala mchana kwenye kochi la mama yake. Tatizo ni kwamba mtaa wake aliujua kwa miguu. Aliujua kwa mashimo, kwa harufu, kwa mbwa wa kona. Kwa jicho la mwewe, kutoka juu, hakuwahi kuuona, na alipouona hakuutambua.

Tangu tangazo libandikwe alikuwa ameshalipita Jumapili nne. Jumapili ya kwanza alisimama akalitazama kwa makini, akaona limekaa upande, akamwambia mama yake wangelinyoosha kidogo.

"Na mimi sikulisoma," Bi Futi alisema, sasa kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo Mama Vibali aliyoiogopa zaidi. "Siku ishirini na tisa limo ukutani kwangu. Watu wanasimama, wanasoma, wananiuliza. Najibu, 'Mimi nisome ya nini? Aliyechora ni mwanangu.' Nimelisema hilo mpaka dukani."

Mama Vibali alitazama saa. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi. Pingamizi zilipokelewa kwa siku thelathini, na leo ilikuwa ya thelathini. Dirisha la mapokezi lingefungwa saa kumi alasiri. Jumatatu kamati ingekaa, ingeona miti, ingetikisa kichwa.

"Nitakwenda kuzungumza na bosi," alisema. "Hili litamalizika kabla ya adhuhuri."

"Tutakwenda."

"Mama, kule ni ofisini."

"Ndiyo nakuja. Mti ndio unaokaa pale pale ulipopandwa."

*

Bosi wake, msanifu mwenye ofisi, wafanyakazi walimwita Bwana Asilimia, kwa kuwa hakuna jambo lililotoka kinywani mwake likiwa zima. Mvua ilikuwa asilimia sitini. Mkewe alikuwa amemkasirikia asilimia thelathini. Asubuhi hiyo alikuwa na kikao na mwenye mradi, kwa hiyo waliambiwa wasubiri, na walisubiri mpaka saa nane kasorobo, Mama Vibali akiwa mezani kwake akijifanya ana kazi, Bi Futi akiwa kwenye kiti cha wageni.

Katikati ya chumba cha wageni, juu ya meza yenye kifuniko cha kioo, kulikuwa na mtaa mzima mpya, umetengenezwa kwa kadibodi. Maghorofa manne meupe. Vigari vyekundu. Watu wadogo wasio na nyuso, wote wamevaa suti, wanatembea kwenda kusikojulikana. Na miti kumi na mmoja ya sponji iliyochovywa rangi ya kijani, kila mmoja umesimama juu ya kijiti cha kuchokonolea meno. Bi Futi aliizunguka meza mara mbili, mikono nyuma. Alipofika mara ya tatu kioo kilikuwa kimefunguliwa kidogo, na alipokaa tena, mfuko wake wa mkono ulikuwa umevimba upande mmoja.

Bwana Asilimia alimsikiliza Mama Vibali mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mstaarabu. Kisha akakunja mikono.

"Pole sana. Mama yupo hapa? Tumempa maji ya kunywa?"

"Amepewa, Bosi. Naomba tuurekebishe mchoro leo. Ni nyumba moja tu, mapengo mengine kumi yalikuwa matupu kweli. Badala ya sitini na nne ziwe sitini na tano."

"Nyumba ni nyumba moja, kweli," Bwana Asilimia alisema. "Lakini mti je? Kanuni inataka asilimia kumi na tano ya eneo iwe kijani. Sisi tuna kumi na tano nukta moja. Na mti namba saba ndio mkubwa kuliko yote. Wewe mwenyewe uliupa mita nane. Kwa nini uliupa mita nane?"

"Pengo lilikuwa kubwa."

"Unaona? Ungekuwa mti mdogo tungezungumza."

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwenye mradi wa Bwana Asilimia wajenzi walikuwapo tele. Kilichoadimika ni miti, na ndiyo maana ilibidi ipandwe juu ya watu.

"Sikiliza," alisema. "Mama yako tutamweka awamu ya pili."

"Awamu ya pili iko wapi?"

"Ipo kwenye jina. Hapa tumeandika 'Mradi wa Makazi Mapya, Awamu ya Kwanza'. Ikiwapo ya kwanza, ya pili lazima iwepo. Au siyo?"

Mama Vibali alikuwa amekwisha kuchora awamu za kwanza tisa katika maisha yake. Ya pili hakuwahi kuiona hata moja, lakini kabla hajalisema hilo Bwana Asilimia alikuwa amefungua droo na kutoa bahasha nyeupe.

"Hii ilikuwa iwe siri mpaka Jumatatu. Barua yako. Mkuu wa chumba cha uchoraji. Nimeshaiandika, bado sahihi tu. Nani mwingine anaijua kazi hii kama wewe? Hapa ofisini wewe ni asilimia themanini."

Alijua anavishwa kilemba cha ukoka. Lakini kilemba hicho alikuwa amekingojea miaka ishirini na miwili, na kichwa chake kilishajua kipimo chake. Chumba chenye dirisha. Mlango wenye cheo juu yake. Alikitazama kile kibahasha kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

"Na mama asipokubali kuingoja awamu ya pili?" aliuliza.

"Apeleke pingamizi," Bwana Asilimia alisema, akatabasamu kama mtu anayekupisha mlangoni. "Ni haki yake. Leo si ndiyo siku ya mwisho? Mimi siwezi kumzuia mwananchi. Ila kumbuka kitu kimoja tu, kwa faida yako. Mchoro ule una sahihi moja, na si yangu."

*

Mapokezi ya ofisi ya mipango miji yalikuwa na madirisha matatu. Mawili yalikuwa na kalenda. La tatu lilikuwa na karani, mtu mwembamba, nadhifu, aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Walifika kwake saa tisa na dakika kumi. Alisimama kidogo alipomwona Bi Futi, akampa shikamoo, akamwambia akae, akamletea fomu ya pingamizi kwa mikono miwili. Mama Vibali alimfahamu kwa miaka kumi. Hakuwahi kumwona akikosea, na hakuwahi kumwona akimsaidia mtu.

"Namba ya jengo, Mama?"

"Halina namba," Bi Futi alisema. "Ndilo pingamizi lenyewe."

Karani aliweka kalamu chini taratibu. "Pingamizi hutolewa na mwenye jengo lililoonyeshwa kwenye mchoro. Kama jengo lako halimo, basi mradi haukugusi. Na kama haukugusi, unapinga nini?"

"Napinga kutokuwamo."

"Hilo halina fomu."

Bi Futi alifungua mfuko wa mkono. Akautoa mti wa sponji, akausimamisha juu ya kaunta, kijiti kikaingia kwenye ufa wa mbao kama kilikatiwa pale.

"Huyu ndiye mimi," alisema. "Namba saba. Andika."

Mama Vibali alifumba macho. Karani aliutazama mti kwa heshima, lakini hakuandika.

"Kaka," Mama Vibali alisema, "fungua jalada, tafadhali. Kiambatisho cha nne. Uthibitisho wa tangazo."

Karani alifungua. Kanuni inasema tangazo la mradi libandikwe juu ya jengo la kudumu ndani ya eneo lenyewe, tena lipigwe picha. Picha ilikuwapo, ya rangi, safi. Tangazo lilionekana vizuri, na pembeni yake lilionekana dirisha lenye pazia la maua. Chini kabisa, kwenye kona, ulionekana mkono wa mwanamke umeshika bakuli la gundi, na juu ya mkono huo ilining'inia ncha ya futi ya kupimia nguo.

"Mkono huo wa nani?" Bi Futi aliuliza, akaunyoosha wa kwake juu ya kaunta, kando ya picha. "Mbandika matangazo wenu alikuja na karatasi, gundi kaisahau. Nikampikia. Unga wangu, kuni zangu. Nikamshikia na bakuli. Nimeshika bakuli wabandike karatasi inayosema sipo."

"Mwenye macho haambiwi tazama," Mama Vibali alisema. "Tangazo limebandikwa juu ya jengo la kudumu. Ninyi wenyewe mmegonga muhuri. Ama nyumba ipo, ama tangazo halikubandikwa."

Karani aliifikiria hoja hiyo kwa haki kabisa. Alitazama picha, akatazama ramani, akatazama mkono.

"Picha hii," alisema mwisho, "iliwekwa kuthibitisha tangazo. Haikuwekwa kuthibitisha ukuta."

Nyuma ya dirisha la kalenda mtu alikuwa anacheka kwenye simu. Bi Futi alikaa kitako kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana na umri wake. Aliivua futi shingoni, akaanza kuizungusha kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena.

"Twende zetu," alimwambia binti yake. "Mimi sitaki ugombane na kazi yako. Nitakaa kwa dada yenu. Ana chumba cha stoo."

Angeendelea kupiga kelele, Mama Vibali angejua la kumjibu. Kelele za mama yake alizizoea tangu tumboni. Lakini hii ya kwenda kukaa stoo, tena imesemwa kwa upole, kama mtu anayekuondolea sahani mezani kwa kuwa ameona umeshiba, ilimfanya aigeukie tena kaunta.

"Kaka," alisema, "kanuni haiwezi kuwa ukuta mtupu usio na mlango. Nani anaweza kuugusa mchoro huu leo?"

"Kamati, Jumatatu."

"Leo."

Karani alisita. Kuna jambo lilimpita usoni ambalo Mama Vibali hakuwahi kuliona pale kwa miaka kumi. Lilifanana na hamu.

"Kuna fomu namba tisa," alisema kwa sauti ya chini. "Mchoraji kusahihisha mchoro wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Ipo kwenye kanuni. Ila hakuna aliyewahi kuijaza. Sina hakika kama zilichapwa."

"Nikiijaza inakuwaje?"

"Mradi unatolewa kwenye kamati. Unarudi mwanzo. Tangazo jipya, siku thelathini mpya. Na sehemu ya tatu ya fomu mchoraji anaeleza alikosea vipi, na nakala inakwenda kwa bodi yenu ya wachoraji ramani na kwa mwajiri wako." Aliinua macho. "Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuijaza, dada."

"Kaitafute."

Karani aliingia stoo. Alikaa humo dakika kumi na tano. Simu ya Mama Vibali ilitetemeka juu ya kaunta, karibu na mti wa sponji, na kioo kikaandika jina la bosi. Ikatetemeka mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Alifikiria chumba chenye dirisha. Alifikiria ile bahasha ambayo bado haikuwa na sahihi, akakumbuka kwamba nyaraka nyingine zote za mradi zilikuwa na sahihi, na kila moja ilikuwa yake. Sahihi ya Bwana Asilimia haikuwahi kukosea mahali popote, kwa sababu haikuwahi kutiwa popote. Akapiga moyo konde, akaigeuza simu kifudifudi.

Karani alirudi ana vumbi puani, ameshika karatasi moja ya manjano kama kifaranga.

"Ipo moja," alisema. "Ukiiharibu hakuna nyingine."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Mama Vibali aliandika kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa chuoni, bila kufuta. Jina la mradi. Namba ya mchoro. Sehemu ya kwanza: kilichochorwa. "Mti." Sehemu ya pili: kilichopo. "Nyumba ya kudumu." Sehemu ya tatu: maelezo ya kosa. Hapo kulikuwa na mistari sita. Alitumia mmoja na nusu. "Niliapa nimekagua. Sikukagua. Palipokuwa na pengo niliweka mti."

Karani aliyasoma maelezo hayo juu chini, kwa kuwa alisimama upande wa pili, na midomo yake ilicheza. "Sasa mchoro wenyewe," alisema, akautandaza kwenye kaunta na kumkabidhi kalamu nyekundu. "Ufute, uchore jengo kwa vipimo kamili, utie sahihi pembeni. Bila vipimo sipokei."

Mama Vibali aliukata mti namba saba kwa mistari miwili. Akaweka rula. Kisha akabaki ameishika kalamu hewani.

Alikuwa amepima nusu ya nyumba za mji ule. Banda la kuku la jirani alilijua mpaka kimo cha fito. Upana wa nyumba ya mama yake hakuujua.

"Mbele, futi ishirini na nane na inchi nne," Bi Futi alisema kutoka kwenye benchi.

Wote wawili waligeuka.

"Nini? Nitashonaje mapazia bila kupima? Ubavuni, futi thelathini na tisa kamili, upande wa Mzee Kuku. Upande wa pili thelathini na nane na inchi kumi. Baba yako alikuwa na haraka."

Mama Vibali alibadilisha futi kuwa mita pembeni ya karatasi, akachora. Mstari wa mbele. Ubavu. Ubavu wa pili, mfupi kwa inchi mbili, kama ulivyo. Alipofunga mraba, ambao haukuwa mraba, aliona kitu ambacho ramani haikuwahi kumwonyesha. Mtaa mzima ulijipanga kuzunguka pale, kona ya mbwa, shimo la maji, kila kitu, na akautambua.

"Namba?" aliuliza.

"Inayofuata ni sitini na tano," karani alisema.

Akaandika 65. Akatia sahihi. Simu ilitetemeka chini chini, ikasogea yenyewe kama mende na kuugonga mti wa sponji, mti ukalala.

"Na choo," Bi Futi alisema.

"Mama, muda."

"Choo kiko nje, nyuma, futi tano kwa nne. Nimekichimba mwenyewe na baba yako. Kuku wana namba, choo changu kikose hata mstari?"

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika sita. Karani alikuwa ameshachukua muhuri, anaupulizia pumzi, huku jicho moja likiwa kwenye saa na jingine kwenye kalamu nyekundu. Mama Vibali akachora choo, futi tano kwa nne, akakigeuza kuwa mita, akatia sahihi pembeni ya choo pia, kwa jina lake kamili na namba yake ya usajili, akausukuma mchoro upande wa pili.

"Una hakika, dada?" karani aliuliza. "Nikigonga haufutiki."

"Gonga."

Akagonga. Mara mbili kwenye fomu, mara moja kwenye mchoro, mstari mmoja wa wino ukipita juu ya paa.

"Tangazo jipya litabandikwa Jumatano," alisema, akifunga dirisha nusu. "Lazima liwe juu ya jengo la kudumu ndani ya eneo."

Bi Futi alikuwa amesimama, futi imerudi shingoni, mti wa sponji ameshautia mfukoni.

"Mwambie mbandikaji aje mapema," alisema. "Gundi itakuwa tayari. Na safari hii nitalisoma tangazo kabla sijampa bakuli."